Kujiendeleza katika kompyuta: cheti kisitangulie kazi

Si siri kwamba katika miaka ya karibuni ofisi na shule zimejaa kompyuta upesi kuliko zilivyopata watu wanaozielewa. Karani wa masijala hubonyeza pale alipoonyeshwa abonyeze. Mhasibu akikwama humsubiri "mtu wa mfumo". Mwalimu aliyekabidhiwa somo la kompyuta, aghalabu kwa sababu tu ndiye kijana kuliko wenzake, huingia darasani akiwa amewatangulia wanafunzi wake kwa sura moja ya kitabu. Siku mfumo unapogoma, kazi ya wananchi husimama, na katika jengo zima hapatikani hata mtu mmoja wa kusema kama kosa ni la mashine, la yule aliyeiandikia maagizo, au la yule aliyeingiza takwimu. Kununua kompyuta nyingine hakuondoi hali hiyo.

Hata hivyo, njia ya kujiendeleza ipo, na kwa sehemu kubwa ni ya bure. Vyuo vikuu mashuhuri vimeyaweka masomo yao ya sayansi ya kompyuta katika mtandao, na mtu aliye Sumbawanga anaweza kuusikiliza mhadhara uleule anaosikilizishwa kijana aliyelipiwa ada kubwa huko Marekani. Kwa bahati mbaya, pamoja na nafaka hiyo kuna pumba nyingi. Anayetafuta somo moja huletewa maelfu, na mengi kati ya hayo ni matangazo ya biashara yanayomwahidi kazi nono baada ya majuma sita. Mtumishi aliyeshinda kazini tangu asubuhi ana saa moja au mbili tu za usiku. Je, azitumie kwa somo lipi?

Kabla ya kujibu, yafaa mambo mawili yatenganishwe. Kujua kuandika barua, kupanga jedwali na kutuma ujumbe ni ufundi wa kutumia kompyuta, nao una manufaa yake. Sayansi ya kompyuta ni jambo jingine: ni elimu ya namna tatizo linavyovunjwavunjwa kuwa hatua ndogo ambazo hata mashine isiyo na akili inaweza kuzifuata bila kukosea. Ofisi nyingi zimewapa watumishi wao ufundi ule wa kwanza zikadhani zimewapa elimu hii ya pili.

Masomo haya yana historia yake, tena yenye mafunzo. Mwaka 2001 chuo cha MIT nchini Marekani kilitangaza kwamba kitaweka hadharani masomo yake ili yeyote ayasome bila ada, na kufikia mwaka 2007 karibu mtaala wake wote, yapata masomo 1,800, ulikuwa umekwisha tolewa. Ilikuwa zawadi kubwa, ingawa ilikuwa zawadi ya makabati ya vitabu zaidi kuliko ya walimu, kwani mwanafunzi alipewa mihadhara na maswali lakini hakupewa wa kumsahihisha. Mwaka 2011 walimu wawili, Sebastian Thrun na Peter Norvig, walifungua somo la akili bandia la Chuo Kikuu cha Stanford kwa dunia nzima, na watu wapatao 160,000 wakajiandikisha. Mwaka uliofuata zikazaliwa Coursera, iliyoanzishwa na Andrew Ng na Daphne Koller wa chuo hicho hicho, na edX, iliyoundwa na MIT na Harvard kwa pamoja. Jambo jipya lilikuwa kwamba sasa mazoezi yalisahihishwa na kompyuta yenyewe, papo hapo.

Shangwe ilikuwa kubwa, na baadhi ya watu wakatabiri kwamba vyuo vya matofali vitafungwa. Hesabu zilisema vingine. Somo la kwanza la mpango wa MIT, lililohusu saketi za umeme, liliandikisha watu karibu 155,000 mwaka 2012. Waliofaulu na kupata cheti walikuwa 7,157. Hawakufika hata watu 5 katika kila 100. Mwaka 2013 chuo kikuu cha umma cha San Jose, California, kilijaribu kuwafundisha wanafunzi hesabu kwa njia hiyo kwa kushirikiana na kampuni ya Thrun, lakini matokeo ya muhula wa kwanza yalikuwa mabaya kuliko ya darasani, na katikati ya mwaka mpango ukasimamishwa.

Miongoni mwa wale wachache waliopata alama zote katika somo la saketi alikuwamo kijana wa miaka 15 kutoka Mongolia. Magazeti ya dunia yalimwandika kama muujiza: mtoto pekee, kompyuta yake, na mtandao. Lakini kisa chenyewe hakikuwa hivyo. Mkuu wa shule yake alikuwa amesoma MIT. Yeye ndiye aliyelileta somo shuleni, akawakusanya wanafunzi walisome pamoja, na akapata mtu wa kuja kuwaongoza katika maabara. Sehemu hiyo ya habari ndiyo inayomfaa mwalimu na mtumishi wa umma, nayo ndiyo iliyosahauliwa upesi.

Kwa Tanzania jambo hili si geni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2 kwa njia ya redio. Redio peke yake isingeweza. Watu walikaa katika vikundi, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa kazi hiyo. Viongozi hao walikuwa maelfu kwa maelfu. Kipindi kilisikilizwa, kijitabu kikasomwa kwa sauti, hoja zikajadiliwa, kisha watu wakatoka na majembe kwenda kuchimba vyoo. Aliyebuni masomo ya mtandao angeulizia habari za kampeni ile, pengine asingeshangazwa na wale watu 95 katika kila 100 walioishia njiani.

Basi ushauri wa kwanza ni huu: somo lisianzwe na mtu mmoja. Walimu watatu wa shule moja, au makarani wanne wa idara moja, wenye kompyuta mpakato moja na jioni mbili kwa juma, watafika mbali kuliko mtu mwenye mashine bora anayejifungia chumbani mwake.

Sasa masomo yenyewe. Kwa mtu ambaye hajawahi kuandika programu hata moja, mlango mwepesi kuliko yote ni somo la Charles Severance wa Chuo Kikuu cha Michigan, liitwalo Python for Everybody. Lugha ya Python ni nyepesi kusoma, na Severance hana haraka. Sifa yake kubwa ni kwamba mazoezi yake yanafanana na kazi za ofisini. Mathalani, mwanafunzi hupewa faili moja kubwa la barua za kompyuta, akaambiwa aandike programu ya kuhesabu nani ametuma barua nyingi kuliko wengine. Karani aliyewahi kutumwa kuhesabu kwa mkono barua zilizoingia mwaka mzima atajua mara moja kwamba huo si mchezo wa watoto. Kitabu cha somo ni cha bure, na mwishoni mwanafunzi hufundishwa jinsi kanzidata inavyopangwa. Majuma ya jioni yanatosha, ingawa msingi unaojengwa hapa si wa kina sana.

Msingi wa kina hupatikana katika CS50, somo la Chuo Kikuu cha Harvard linaloongozwa na David Malan tangu mwaka 2007 na kutolewa kwa dunia nzima tangu mwaka 2012. Kama mtu atachagua somo moja tu maishani, basi na achague hili. Malan ana mtindo wa kuchukua kitabu cha simu na kumtafuta mtu kwa jina. Hafunui ukurasa mmoja mmoja. Hufungua katikati, akaangalia kama jina liko mbele au nyuma, kisha hukipasua kitabu vipande viwili na kuitupa nusu isiyohitajika. Hufanya hivyo tena, na tena. Kitabu cha kurasa 1,000 huisha kwa mipasuo 10 hivi. Kikiongezwa kurasa kuwa 2,000, unaongezeka mpasuo mmoja tu. Orodha ya watu milioni moja huhitaji hatua 20. Lakini, na hapa ndipo penye somo, hila hii haina faida yoyote ikiwa majina hayakupangwa kwa alfabeti. Mtunza masijala aliyezoea kulaumiwa kwa kuchelewesha faili anaweza kuieleza kanuni hiyo vizuri kuliko maprofesa wengi.

Majuma ya kati ya CS50 ni magumu, na ndiyo yanayowaangusha wengi. Mwanafunzi huandika kwa lugha ya C, lugha kongwe isiyomhurumia mtu, na hulazimika kuona jinsi namba inavyokaa ndani ya mashine. Huko hugundua kwamba namba ya kawaida katika lugha hiyo hupewa nafasi yenye kikomo, na kwamba kikomo hicho ni 2,147,483,647. Ukiongeza moja juu yake, hesabu huweza kugeuka na kuwa chini ya sifuri. Kwa Mmarekani anayehesabu dola za dukani huenda jambo hili likawa la kufurahisha tu. Kwa anayehesabu shilingi, bajeti ya halmashauri moja huipita namba hiyo mara nyingi! Vilevile hugundua kwamba sehemu ya kumi, 0.1, haiwezi kuandikwa sawasawa ndani ya kompyuta kwa njia ya kawaida ya kutunza desimali, kwa hiyo hesabu za fedha zikifanywa ovyo huacha senti zinazopotea bila mwizi. Mkaguzi wa hesabu aliyelielewa hili atauliza maswali tofauti siku atakapoletewa mfumo mpya autie saini.

Baada ya hapo somo huingia katika Python, kanzidata na utengenezaji wa tovuti, na mwanafunzi humalizia kwa mradi wake mwenyewe. Mihadhara ni kama 11, kila mmoja wa saa mbili hivi, lakini asidanganyike mtu: kazi iko katika mazoezi, na zoezi moja huweza kula jioni tatu. Anayetazama mihadhara bila kufanya mazoezi ni sawa na anayejifunza kuogelea kwa kukaa ufukweni.

Kwa mwalimu wa sayansi kuna somo jingine ambalo halisifiwi vya kutosha. Ni la Noam Nisan na Shimon Schocken, liitwalo Nand to Tetris, na kitabu chake kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2005. Mwanafunzi huanza na kijiswichi kimoja cha mantiki chenye njia mbili za kuingilia na moja ya kutokea. Kanuni yake ni moja tu: kinatoa sifuri pale ambapo njia zote mbili zina moja, na katika hali nyingine zote kinatoa moja. Basi! Kutokana na kifaa hicho hicho, mwanafunzi hujenga vingine vya kukanusha, vya "na", vya "au", kisha kifaa cha kujumlisha, kisha kumbukumbu, kisha moyo wa kompyuta, na mwisho programu za kuiendesha, hadi inapocheza mchezo. Vyote hujengwa kwa kuigizwa ndani ya kompyuta ya kawaida, kwa hiyo hakuna chipu wala waya wa kununua. Maelezo na programu zake hutolewa bure.

Umuhimu wa somo hili hauko katika kupata kazi. Uko katika kuondoa uchawi. Mwanafunzi wa sekondari anayeamini kwamba kompyuta "inafikiri", na mzazi wake anayeamini kwamba "kompyuta imekataa" ni jibu linalotosha kumrudisha mwananchi nyumbani, wote wanahitaji mwalimu aliyewahi kuijenga mashine hiyo kwa mikono yake, hata kama ni kwa maigizo.

Masomo mengine yatajwe kwa kifupi. Robert Sedgewick na Kevin Wayne wa Princeton wanafundisha algorithimu kwa lugha ya Java, pamoja na mazoezi yanayosahihishwa, na hawatoi cheti. Wanaoogopa somo hilo kwa sababu hiyo wameacha moja ya masomo bora yaliyopo. Zoezi lake la kwanza huuliza ni lini maji yatapenya kutoka juu hadi chini ya kitu chenye vitundu vilivyotawanyika ovyo, swali ambalo kalamu na karatasi hazilimalizi. Chuo Kikuu cha Helsinki kina somo la Python lenye sehemu 14 na mazoezi mengi mno, linalomfaa mtu asiyependa kusikiliza bali kusoma na kutenda. India, kupitia mpango wa NPTEL ulioanzishwa mwaka 2003 na vyuo vyake vya teknolojia, imerekodi mihadhara mingi bila mbwembwe za kamera; anayeitaka huisikiliza bure, na ada hutozwa kwa anayetaka kufanya mtihani tu. Serikali nyingine zinazosema hazina uwezo wa kufundisha watu wengi zingefaa kuuangalia mpango huo.

Vipi kuhusu akili bandia, ambayo kila mtu anaizungumza? Ofisa asiyetarajia kuandika programu, lakini anayetakiwa kuidhinisha ununuzi wa vitu hivyo, na asome Elements of AI, somo lililotolewa na Helsinki mwaka 2018, awali kwa lengo la kuelimisha mtu 1 katika kila Wafini 100. Ni fupi na linaeleweka. Lakini anayetaka kuwa fundi wa akili bandia kabla ya kujua kuandika programu ya mistari 20 anataka kuezeka kabla ya kuta. Tena kuna hatari mpya: programu za siku hizi zinaweza kuandika jibu la zoezi lolote la mwanzo kwa sekunde chache. Walimu wa CS50 waliliona hilo, na mwaka 2023 wakawapa wanafunzi wao msaidizi mwenye sura ya bata, ambaye ameagizwa kumwelekeza mwanafunzi bila kumpa jibu. Mwenye kujisomea hana budi kujiwekea sheria hiyo hiyo mwenyewe.

Sasa cheti. Kasumba ya vyeti imewaingia watumishi wengi kiasi kwamba swali la kwanza wanalouliza kuhusu somo lolote ni kama lina cheti, na la pili ni kama kinatambuliwa. Hawana lawama yote. Majalada ya watumishi hupimwa kwa karatasi zilizomo, na ofisa utumishi hana chombo kingine cha kupimia. Lakini yafaa ijulikane cheti hicho ni cha nani. Mwaka 2021 Harvard na MIT waliiuza edX kwa kampuni ya biashara iitwayo 2U kwa dola milioni 800, na katikati ya mwaka 2024 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni. Masharti ya kipi ni bure na kipi ni cha kulipia hubadilika kila mara katika makampuni haya. CS50 ina cheti chake cha bure kwa anayepitia njia ya chuo chenyewe, na kingine cha kulipia kwa anayepitia edX. Masomo na mazoezi ni yale yale. Mtumishi anayetoa sehemu ya mshahara kwa ajili ya cheti kabla hajafanya zoezi la kwanza amenunua fremu ya picha asiyokuwa nayo.

Kuna pingamizi mbili za haki. Moja ni gharama ya vifurushi vya intaneti, maana video hula data kama moto ulavyo nyasi kavu. Hapa kikundi husaidia tena. MIT, CS50 na Severance wote wametoa vifaa vyao kwa leseni zinazoruhusu kunakiliwa kwa kufundishia bila kuuza. Mmoja akipakua mhadhara penye mtandao mzuri, wenzake watauchukua kwa flashi. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Masomo karibu yote haya ni ya Kiingereza, na Kiingereza cha kasi. Mtu anaweza kuyaelewa maneno yote na asilielewe jambo. Ndiyo maana mjadala wa kikundi ufanywe kwa Kiswahili, hata pale msamiati unapopungua. Kama mashine yenyewe iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi ni ugomvi unaoweza kusubiri. Scratch, lugha ya vitofali vya rangi ambayo CS50 huanza nayo, inapatikana kwa Kiswahili na hufanya kazi bila mtandao, na mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuianzisha darasani mara tu atakapomaliza juma la kwanza la somo.

Kuhusu mradi wa kumalizia, wengi hutengeneza michezo, au nakala duni ya tovuti kubwa za Marekani. Kikundi cha watumishi kina mambo yaliyo karibu zaidi. Chukua daftari la maktaba ya shule: jina la kitabu, jina la mwanafunzi, tarehe ya kuazima, tarehe ya kurudisha. Mambo manne tu. Lakini kitabu chenye nakala 40 kiandikwe mara ngapi? Wanafunzi wawili wenye majina yanayofanana watatofautishwaje? Nakala iliyopotea ifutwe, au ibaki ikiwa na alama? Na mwalimu wa maktaba akihamishwa, nani atabaki na nywila? Kikundi kikiyamaliza maswali hayo, masijala ya faili za watumishi inaweza kufuata kwa mpango huo huo, ikiongezewa safu moja ya jina la aliyelichukua faili mara ya mwisho.